Mfereji wa Mwezini

Watu wa huku kwetu wakitaka kunichokoza huniuliza kama mwezini kumenyesha. Huniuliza njiani, huniuliza nikitoka kanisani Nkoaranga, na siku hizi hata watoto wasiojua chanzo chake huniuliza. "Babu Sumari, migomba ya kule juu imezaa?" Zamani niliwajibu kwa matusi. Sasa nawaambia imezaa, anayetaka mkungu aje na ngazi. Wanacheka, wanakwenda zao, nami narudi nyumbani ambako hakuna wa kunichokoza.

Nitaeleza mara moja tu jinsi ilivyokuwa, maana nimechoka kusikia ikielezwa na watu ambao hawakuwapo.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, reli bado haijafika Moshi. Baba yangu, Saruni, alikuwa amekwisha kufariki, lakini mfereji wake ulikuwa hai. Upande wetu ni mashariki ya Mlima Meru, na mvua haitupendi kama inavyowapenda wenzetu wa kusini. Huku mtu akisema ana shamba, humwulizi ukubwa wake, unamwuliza anakunywa mfereji gani. Baba hakupima kwa kamba wala kwa chombo. Alichimba hatua chache, akaacha maji yaingie, akayatazama yanavyotembea, kisha akachimba tena mbele yake. Miaka mitatu alitembea na maji hivyo, kutoka kwenye banio, pale mawe makubwa matatu yanapokigeuza kijito chini ya msitu, mpaka kwenye migomba yetu. Nyumba kumi na nne zilikunywa mfereji wa Saruni.

Kila mwaka kabla ya masika tulilifunga banio siku tatu ili tusafishe. Mimi ndiye niliyepiga pembe, na kila nyumba ilileta jembe lake. Mwaka mzima jembe hilo la mfereji lilining'inia ukutani karibu na mlango, halikulimiwa kitu kingine. Mtu aliyehama alipita na jembe lake begani ili wote waone kwamba ameaga. Jembe likibaki ukutani, mwenyewe bado yupo, hata kama amekwenda mbali. Ndivyo tulivyohesabiana.

Kisha mzungu mmoja akapewa ardhi ya juu, akaizungushia seng'enge, na banio likawa ndani ya seng'enge. Akaliziba. Jirani yangu Parsimei alikwenda kulizibua. Wakamkamata, akachapwa viboko hamsa ishirini, akatiwa mnyororoni, na aliporudi hakuweza tena kukaa kitako. Sisi wengine tukaona tuifuate sheria. Bwana wa Ardhi alikuwa akija Arusha mara mbili kwa mwaka, akipiga hema lake karibu na mto Themi, akisikiliza mashauri ya mipaka. Nikatembea siku nzima, nikalala kwa watu, asubuhi nikasimama mbele yake. Alifunua ramani, akaitazama kwa muda mfupi kuliko mtu anavyotazama kidole chake kilichojikwaa, akasema maneno na karani wake akanitafsiria.

"Anasema kwenye ramani hakuna mfereji. Hapo ni kijito tu na shamba la watu. Kama hakuna mfereji, hakuna shauri."

"Mwambie upo. Mwambie aje auone, baba yangu ameuchimba."

Karani alimwambia, akarudi kwangu. "Anasema yeye haji. Siku utakapoonekana kwenye ramani, ndipo utafunguliwa."

Maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba moto kwenye kigae. Nilikuwa na kitu kimoja cha kutafuta duniani: mfereji wa baba uingie kwenye ramani.

Mwaka wa kwanza nyumba tano zilihama. Mwaka wa pili zikahama saba. Walipita mlangoni kwangu mmoja mmoja, majembe begani, wala hawakunitazama usoni. Na mke wangu, Ndeshi, alivumilia mpaka mgomba wa mwisho ulipolala chini. Alikuwa akiteka maji mwendo wa asubuhi nzima, mtoto wetu Tabea amemshika nguo. Siku moja alifunga mzigo wake.

"Baba Tabea, ninakwenda kwa kaka yangu Nkoaranga," akasema. "Sijakuacha. Nimeyafuata maji."

"Yakirudi?"

"Yakirudi nitumie mtu, hata kama ni usiku nitakuja." Kisha akaonyesha ukutani. "Jembe langu hilo, sijaligusa."

Lilikuwa na mpini wa mloliondo, mimi mwenyewe niliuchonga mwaka tulipooana. Alipoondoka nililitazama jembe lile kila siku kabla sijatoka. Nilibaki mimi na Parsimei, na Parsimei naye hakuwa mtu wa kuongea tena.

Sasa nije kwa Bwana Bomba. Juu ya kilima, kando ya lile shamba la seng'enge, alikaa Mdachi mwingine, mtu mwembamba mwenye ndevu za njano, jina lake Folkert. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na kahawa, hakuwa na mke. Alikuwa na bomba refu la shaba, lililosimama kwa miguu mitatu ndani ya kibanda, mdomo wake ukitokeza upande wa mlima. Hilo ndilo lililompa jina. Lakini lililonipeleka kwake si bomba. Nilisikia anachora ramani.

Nikaenda nikamwambia mkono wangu ni mtulivu. Hakuniamini, akanipa karatasi na kalamu. Nikachora mstari mmoja kutoka upande huu mpaka ule. Akaweka rula juu yake, akautazama, akaniambia nije kesho.

Homa ilikuwa imemla mikono mtu yule. Alichora kwa penseli, mistari ikitetemeka, nami kazi yangu ikawa kuifuata kwa wino na kuinyoosha. Alinifundisha: panapoteremka sana, vistari vifupi vinene vilivyobanana, penye tambarare, viache vipumue. Sikuhitaji kufundishwa mara mbili. Mteremko mimi naujua kwa nyayo. Mchana kutwa tulikaa watu wawili chumbani bila kusema. Alikuwa na desturi ya kuandaa vikombe viwili vya kahawa. Akanywa kimoja, kile kingine kikapoa mezani mpaka jioni. Mwezi wa pili akaanza kunisogezea hicho cha pili. Hakusema karibu, nami sikusema ahsante, lakini nilikinywa.

Karatasi tuliyoifanyia kazi ilikuwa moja, kubwa kama ngozi ya mbuzi. Ilionyesha shimo kubwa la mviringo, kasoko, kuta zake zikishuka ndani kwa ngazi ngazi, na katikati ya shimo kilima kimesimama peke yake. Nje ya ukuta kulikuwa na mabonde na makunyanzi ya ardhi, vishimo vidogo vidogo vimetawanyika, na mbele yake uwanda mpana, mtupu.

Sasa nakuuliza wewe unayecheka. Panda Meru, simama ukingoni, tazama ndani. Utaona nini? Shimo kubwa, kuta, na katikati kilima cha majivu kimesimama peke yake. Teremka mashariki: vilima vidogo na maziwa ya Momela yametawanyika. Endelea mbele: uwanda mpana, mtupu. Wewe ungedhani ni wapi?

Sikumwuliza Bwana. Mtu huuliza asichokijua, na mlima ule nimezaliwa chini yake. Ujeuri huo ndio ulionimaliza, nakubali. Nilichokiona mimi ni makosa mawili. La kwanza, ukuta wake ulizunguka mzima, ilhali kila mtu wa huku anajua kwamba upande wa mashariki ukuta ulibomoka tangu kale. La pili, hapakuwa na maji. Korongo hakuna, kijito hakuna, mfereji hakuna. Nchi nzima ilikuwa kavu kama mfupa uliosahauliwa na fisi, na moyo wangu uliniuma kuipaka wino, kwa sababu niliyaona yale yale niliyokuwa nikiyaona nyumbani.

Masika yalipokwisha, homa ikamlaza Bwana Bomba. Akaniita kitandani, meno yakigongana.

"Maliza wino," akasema. "Viringisha, tia katika mkebe, mpe mtu wa posta. Safari yake ni mbali. Berlin."

"Berlin kwa nani, Bwana?"

"Kwa wakubwa wenyewe wa kazi hii."

Nikarudi mezani. Wakubwa wenyewe wa ramani! Yule wa hema la Themi ni mtumwa wao tu. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa mfa kiu. Nilikaa na kalamu hewani mpaka wino ukakauka kwenye ncha, nikachovya tena, nikaanza.

Kwanza nikaufungua ukuta wa mashariki kama Mungu alivyoufungua. Nikashusha kijito. Nikaweka banio, mawe matatu, yote matatu yanaonekana. Kutoka hapo nikaushusha mfereji wa Saruni mistari miwili myembamba, sambamba, ikizunguka kila kilima bila kupanda hata mara moja, maana maji hayapandi. Niliupitisha kando ya vile vishimo, nikauteremsha mpaka ukingoni mwa uwanda, na mwisho wake nikachora kiduara kidogo. Hicho kilikuwa nyumba yangu. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, tangu nizaliwe mpaka leo. Baba angeiona angenyamaza, na yeye kunyamaza ndiko kulikuwa kusifu kwake.

Nikaviringisha, nikatia katika mkebe, nikampa mtu wa posta.

Siku ya soko nikamtumia Ndeshi salamu: ramani imekwenda Berlin, na mfereji umo. Nilijua maji yenyewe hayajarudi. Lakini nilikuwa nimekaa peke yangu miaka miwili, na nilishindwa kungoja. Alikuja siku ya tatu, Tabea akimfuata, mgongoni kikapu cha machipukizi ya migomba. Hakuuliza mengi. Alilitoa jembe lake ukutani, akalipangusa vumbi kwa kiganja.

"Basi tuusafishe," akasema. "Maji yasije yakakuta njia imefungwa."

Nilipiga pembe kama sheria inavyotaka, ingawa wa kuisikia hawakuwapo. Alikuja Parsimei, akasimama pembeni na fimbo yake akatutazama. Tulisafisha watu wawili mfereji wa nyumba kumi na nne. Tulizoa mchanga, tuling'oa magugu, jioni tulikula ndizi za kuchoma ukingoni, na Tabea alikimbia ndani ya mfereji mkavu huku na huku akijifanya yeye ndiye maji. Nimeishi miaka mingi, siku nilizokuwa na furaha naweza kuzitaja, na zile zimo.

Miezi saba tulingoja. Ndeshi aliyapanda machipukizi yake, akayanywesha kwa kibuyu, kila moja fungu lake.

Mkebe ulirudi wakati wa joto. Nilimkuta Bwana Bomba amesimama mezani, karatasi imefunuliwa, barua juu yake, na gazeti. Macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii haikuwa homa. Aliweka kidole juu ya mistari yangu miwili.

"Hii nini?"

Nilifikiri wakati wangu umefika. Nikajibu kwa sauti, kama mtu aliye barazani. "Mfereji, Bwana."

"Mfereji wa nani?"

"Wa baba yangu, Saruni."

Alikaa chini. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama dirishani, ambako Meru ilijaza dirisha lote. Nafikiri hapo ndipo alipoelewa, kabla yangu. Hakunipiga. Alingoja jua lizame, akaniita kwenye kibanda chake ambamo hakuwahi kunikaribisha.

"Weka jicho hapa."

Nikaweka. Niliiona nchi yetu. Shimo lile lile, kuta zilizoshuka kwa ngazi ngazi, kilima cha katikati na kivuli chake kirefu, vile vishimo, ule uwanda. Kila kistari nilichokipaka wino kilikuwapo mahali pake. Lakini ukuta ulikuwa mzima, haukubomoka popote, na kutoka ukutani mpaka uwandani hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mti. Hapakuwa na ndege wala moshi wa jiko. Kimya chake nilikiona kwa macho. Nikaliondoa jicho, nikafuata kwa kidole jinsi bomba lilivyoelekea. Halikuelekea mlimani. Lilipita juu ya mlima, na huko juu ulikuwapo mwezi mchanga wa siku tano, umekaa kama unavyokaa siku zote.

Nikalia. Mtu mzima, mbele ya mzungu, nililia kwa sauti.

Bwana Bomba alikaa kizingitini. "Kuna kishimo kidogo pembeni mwa kile kikubwa," akasema, pole pole, akitafuta maneno. "Hakina jina. Nilitaka wakiite kwa jina langu. Miaka minne nimekitazama. Sasa wameandika gazetini kwamba Folkert amelima mpunga mwezini." Akanigeukia. "Wewe ulitaka nini?"

"Maji, Bwana."

Nikamweleza yote: banio, mawe matatu, seng'enge, Parsimei, hema la Themi na yale maneno ya karani. Nilipofika kwenye ramani alinisimamisha. Akaingia ndani, akarudi na taa na daftari kuukuu lenye jalada la ngozi. Alilipekua mpaka akapata ukurasa, akausoma, kisha akausoma tena.

"Ramani ile ya Bwana wa Ardhi nimeichora mimi," akasema. "Kabla sijaacha kazi ya upimaji. Nilipita hapo kwenu. Imeandikwa hapa: mtaro mpana, mkavu, hakuna mtu. Nikadhani ni njia ya ng'ombe. Njia za ng'ombe hatuchori."

"Mwezi gani, Bwana?"

Akautaja. Ulikuwa mwezi wetu wa kusafisha. Akataja na siku na mwaka, nikavikumbuka vizuri mno. Tulikuwa tumelifunga banio, na watu wote tulikuwa juu kule penye mawe matatu. Kazi ilikwisha siku ya tatu, lakini pombe ya ndizi ilikuwa tamu mwaka ule, nami mwenye pembe nikasema tuongeze siku ya nne, banio likiwa bado limefungwa. Siku hiyo ya nne ndiyo iliyoandikwa daftarini mwake.

Tulikaa pale kizingitini, wapumbavu wawili. Mmoja alipita penye mfereji asiuone, mwingine aliuweka pasipo na hata umande.

"Kesho kutwa Bwana wa Ardhi atakuwa Arusha," akasema mwishowe. "Tutakwenda pamoja. Kosa ni langu, nitalisema mwenyewe."

Nilimwambia Ndeshi tu kwamba ninakwenda Arusha na mchora ramani mwenyewe. Alinifungia ndizi kwenye jani. Usoni mwake niliona matumaini, nikageuka haraka nisiyaone zaidi.

Folkert alipanda nyumbu, nami nikatembea kando yake. Hemani alivaa koti jeusi ambalo sikuwahi kuliona, akaweka daftari lake mezani, akaanza kusema Kidachi kwa unyenyekevu. Sikuelewa, lakini nililisikia jina la baba yangu, Saruni, mara mbili, na mgongo wangu ukanyooka. Yule Bwana wa Ardhi alimsikiliza mpaka nusu. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akapiga meza, akasema neno, na wazungu wawili waliokuwa nyuma yake wakacheka, na askari wa mlangoni ambaye hakuelewa kitu naye akacheka. Mezani pake lilikuwapo gazeti lile lile.

Karani hakutaka kunitafsiria. Nikamshika mkono. "Niambie, ndugu yangu. Nimetoka mbali."

"Anasema, Folkert, mfereji mwingine tena? Na huu unamwagilia nyota gani?"

Folkert aliweka kidole kwenye daftari, akasema tena, kwa sauti ya juu. Bwana wa Ardhi akaacha kucheka. Alijibu kwa maneno machache, akalifunga daftari la mwenzake kwa mkono wake mwenyewe, akalisukuma.

"Anasema mtu aliyeona maji mwezini hawezi kumbadilishia mpaka wa shamba," karani akaninong'oneza. "Anasema ingekuwa jana, kabla ya habari hii, neno la mpimaji lingetosha."

Lingetosha. Nimelitafuna neno hilo miaka hii yote, halilainiki. Ningeituliza mikono yangu nikanywa kahawa yangu, nikamwambia mtu yule shida yangu kwa kinywa kama watu wanavyoambiana, mfereji ungefunguliwa. Niliuchora, na kwa kuuchora nikauziba.

Mwezi haukupita, Folkert akapakia bomba lake kwenye gari la ng'ombe, akashuka pwani. Karatasi ile alinipa, nikaikataa. Akaniachia kikombe, kile cha pili.

Ndeshi alikuwa ameketi nje niliporudi kutoka Arusha. Nilitaka kumdanganya, hata uongo nilikuwa nimeutengeneza tangu mto Usa. Nilipomwona nikausahau. Nilimwambia yote, mwezi na gazeti na kicheko. Alisikiliza bila kunikatiza. Hakucheka. Yeye peke yake katika nchi hii nzima hakucheka kamwe.

"Kule mwezini," akaniuliza, "ulichora na nyumba yetu?"

"Niliichora. Kiduara kidogo, mwisho wa mfereji."

"Na mimi?"

"Wewe sikukuchora, Mama Tabea. Nilidhani utakuja mwenyewe."

Alitikisa kichwa, akaingia ndani kumlaza mtoto. Asubuhi alizunguka kwenye machipukizi yake, akamimina maji ya kibuyu yaliyobaki, yote, mche mmoja mmoja, bila kupima fungu. Akafunga mzigo. Tabea alikuwa bado na usingizi, nikamsindikiza mgongoni mwangu mpaka penye njia panda, na mama yake akatangulia. Tulipofika akamchukua, akaniambia nikae salama, wala hakuniambia nitume mtu.

Sikuwa nimetazama alichobeba, kwa sababu nilikuwa na mtoto mgongoni, na nilitaka kuukumbuka uzito wake. Walipokuwa wamekwisha kupanda upande wa pili wa bonde ndipo nilipoona mpini begani mwake, mpini wa mloliondo, akiushika kwa mkono mmoja.

Parsimei alikufa miaka miwili baadaye. Mimi bado nausafisha mfereji ule kila mwaka kabla ya masika, siku tatu, wala siongezi ya nne. Ukuta wangu umekuwa mweusi kwa moshi, ila karibu na mlango pamebaki umbo la jembe, jeupe, mahali moshi haukufika. Watu wamenishauri nipake udongo mpya. Nimepaka nyumba nzima mara tatu, na hapo pekee nimeruka.